Kiatu cha Mkwe

Pale kwangu Gungu nina mbwa mdogo anayeitwa Simba, na nakiri kwamba nilimlea kwa ubahili nikiuita nidhamu. Alikuwa anakua haraka, lakini nilimpa ugali na vichwa vya samaki wa ziwani, migebuka, jioni tu. Binti yangu Neema aliponiambia kwamba mbwa wa umri ule anahitaji kula mara tatu kwa siku, nilimjibu kuwa mbwa aliyeshiba halindi nyumba.

Simba akaanza kutafuna ndoo, kamba ya nguo, hata mguu wa meza. Nikajiona mjuzi, nikampa ndala yangu iliyochakaa ili atafune hiyo tu. Sikufikiri kwamba kwa mbwa, ndala mbovu na kiatu kizima ni kitu kimoja.

Jumamosi iliyopita walikuja wazee kutoka Bangwe kumposa Neema. Walivua viatu mlangoni, tukazungumza vizuri mpaka wakasimama kuaga. Kiatu kimoja cha baba wa kijana hakikuonekana. Tulimkuta Simba nacho nyuma ya nyumba, kisigino kimekwisha.

"Unisamehe, mzee mwenzangu," nilisema. "Ni tabia yake mbaya tu. Chakula anapata cha kutosha."

Mzee hakukasirika. Alichuchumaa, akapapasa mbavu za Simba, kisha akamgeukia binti yangu.

"Mwanangu, huyu anakula mara ngapi?"

Neema, ambaye nimemkanya uongo tangu utotoni, aliinamisha kichwa.

"Jioni tu, baba."

Wote wakanigeukia, na wa kwanza alikuwa mke wangu.