Swali Lililokatika Kliniki ya Kyuso

Kila mwezi mama mmoja kiziwi, mjamzito, alikuja kliniki ya Kyuso pamoja na mama mkwe wake. Muuguzi hakujua lugha ya ishara, kwa hivyo waliongea kupitia mkalimani aliyekuwa Kitui mjini, wakimwona kwenye skrini. Mtandao wa kliniki niliuunganisha mimi, na nilijivunia, mpaka siku muuguzi aliponiita.

"Fundi, keti hapa ujionee."

Mama aliinua mikono kuuliza jambo. Katikati ya swali, picha ya mkalimani ikaganda. Iliporudi, mkalimani akamwomba arudie. Akarudia, ikaganda tena. Mara ya tatu alishusha mikono mapajani, akatabasamu kwa adabu. Sisi tunaosikia, simu ikikatika, tunabahatisha neno lililopotea. Yeye alipoteza sentensi nzima.

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo tumekuwa nao siku zote, mwanangu," mama mkwe akanijibu taratibu.

Kosa lilikuwa langu. Kutoka kliniki kulikuwa na njia mbili za mtandao: moja ya kasi, kupitia mlingoti wa mlimani, nyingine ya polepole lakini tulivu, kupitia paa la duka la mfanyabiashara wa mifugo sokoni. Ruta, vile vifaa vinavyochagua njia ya mawasiliano, husalimiana kila mara, na moja isiposikika, mwenzake huamini imekufa na kuhamia njia nyingine. Kwa kutaka sifa ya wepesi, nilikuwa nimeweka muda mfupi mno wa kungoja salamu. Upepo ukitikisa mlingoti, ruta ilihama. Ukitulia, ilirudi mbio. Kila ilipohama, picha ilikatika.

Nilifungua laptopu palepale. Nikaongeza muda wa kungoja, kisha nikabadilisha namba za njia ili ruta ipendelee ile ya dukani, ya mlimani ibaki akiba. Mama alikuwa ananitazama. Nilipomaliza nikamwonyesha skrini kwa kiganja: karibu.

Akauliza upya, bila haraka. Mkalimani akatuambia kwa sauti: "Anauliza, mtoto akilia usiku, atajuaje?"

Muuguzi aliweka kalamu chini. Miezi yote hiyo mama alikuwa amebeba swali hilo.

"Mimi nimelelewa na mama kiziwi," mkalimani akasema, huku mikono yake ikimwambia mama maneno yayo hayo. "Alilala kiganja chake kikiwa kifuani pangu. Alihisi kilio kabla sijatoa sauti."

Mama mkwe alijipangusa macho kwa leso. "Mwambie nitalala nao chumba kimoja. Nitasikia mimi."

Mama alitazama ishara hizo mpaka mwisho, kisha akajibu kwa mikono ya haraka. Mkalimani akaanza kucheka.

"Anasema, mama, wewe ukilala unakoroma hata kuta zinatikisika. Yeye huuhisi mtikisiko huo akiwa kitandani mwake."

Tukacheka wote, mama mkwe kuliko sisi, na mkalimani akaendelea kucheka pale kwenye skrini, bila picha yake kukatika.