Mikono ya Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wa hesabu pale shule ya Macalder hashiki kitu cha maana kabla ya kupangusa chaki mikononi, kidole kwa kidole, kwa leso yake ya buluu. Tangu aombe nafasi ya kusomea shahada ya uzamifu ya uchumi ng'ambo, ambako maelfu huomba na wachache mno huchukuliwa, mkewe Risper humsikia bafuni akinung'unika, "Ile B niliyopata chuoni kwenye kalkulasi itanimaliza."

Asubuhi hii simu yake ililia mezani: barua pepe imeingia.

"Baba Irine, si ni wale watu wa chuo? Fungua basi!"

"Ngoja kwanza nitoe chaki."

Akachomoa leso, akaanza na kidole gumba, polepole. Risper akaitazama ile mikono safi. Shule zilikuwa zimefungwa tangu wiki iliyopita.