Masikio ya Kaka na Mtungi wa Gesi

Gereji ya kaka yangu na chumba changu cha cherehani vilitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali, na kwa miaka ishirini na sita ukuta huo ndio ulikuwa simu yetu. Akiupiga kwa spana mara mbili, mimi hunyanyua mguu kwenye pedali, hata kama bibi harusi kanisimamia kichwani akidai shela yake. Maana yake kaka anataka kusikiliza injini, na kelele zangu zinamsumbua.

Watu walimwita Masikio. Wenye magari ya mbio walimjia na vipimo vya kila aina, naye aliwaambia waviweke chini. Aliinamisha kichwa juu ya injini, akanyamaza, kisha akasema, "Silinda ya tatu ina njaa." Wakifungua plagi wanakuta kweli, wala sitii chumvi. Hao wateja ndio walioleta mitungi ya naitrasi, ile gesi inayoipa injini pumzi ya ziada dereva akikanyaga mafuta mpaka mwisho. Kaka akaipenda.

Gari lake mwenyewe lilikuwa dogo, la milango miwili. Alilijenga miaka saba, baada ya kazi za watu, akala kiapo kwamba atalikimbiza mara moja kwenye mashindano ya uwanja wa ndege wa zamani kabla hajafika sitini. Alikuwa na hamsini na tisa. Injini ile ikifa, miaka saba mingine hakuwa nayo.

Mfumo wa gesi aliuchagulia mezani pangu. Aliukataa ule unaopuliza gesi peke yake, akachukua ule unaoleta gesi na petroli pamoja. "Gesi inakoleza moto, Mama Vifungo," aliniambia. "Petroli isipoongezeka sawasawa, moto unakula pistoni." Kisha akamwaga juu ya kitambaa changu jeti tatu za shaba, vipande vidogo vyenye tundu la kupimia gesi ipite kiasi gani. Ndogo iliongeza nguvu za farasi hamsini, ya kati sabini na tano, kubwa mia.

"Anza na ndogo," nilisema.

"Fundi wa mapindo unajua nini wewe?"

"Najua kitambaa kikishakatwa hakirudi."

Alicheka, akaanza na ndogo. Alilifunga gari kwa minyororo juu ya rola za chuma alizozichongesha mwenyewe, zenye breki ya lori ili injini ihisi mzigo. Kila baada ya jaribio alifungua plagi, akazitazama kwa kioo cha kukuzia, akaichelewesha cheche kidogo ili moto usiwake mapema. Wiki iliyofuata akaweka ya kati. Mambo yakaenda vizuri.

Alhamisi, siku tatu kabla ya mbio, spana ililia mara mbili. Nikanyanyua mguu. Gari likanguruma, gesi ikaingia, na chini ya ule mngurumo nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye injini ya kaka: mlio mwembamba wa haraka, kama kokoto zinatikiswa ndani ya sufuria. Nikangoja aache, na kweli akaacha. Kisha akaanza kukanyaga tena.

Niliupiga ukuta kwa mkasi. Hakujali. Nikatoka mbio na futi yangu ya kupimia shingoni, nikaingiza mkono dirishani, nikazima ufunguo.

"Una wazimu?" alifoka.

"Linagonga, kaka! Hulisikii?"

"Liko safi kabisa."

"Nimepiga ukuta mara kumi. Umenisikia?"

Alikuwa ananitazama midomo. Hapo nikakumbuka salamu zote alizoziacha bila jibu, nami nikamwita mwenye kiburi mbele za watu. Niliona haya mpaka nikakosa pa kuangalia.

Tulifungua plagi. Alikuwa ameweka jeti kubwa, na kwenye kauri nyeupe za plagi kulikuwa na chembe zinazong'aa: pistoni zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuyeyuka. Alikaa juu ya tairi.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Mwaka wa pili. Nilikuwa nasikiliza kwa vidole." Akafuta mikono kwa muda mrefu. "Sasa nani ataniletea gari?"

"Watakuja tu. Nimesikiliza magari yako miaka yote hii, bure. Rudisha ile ya kati."

Nikaleta kigoda changu kando ya boneti. Mkono wangu ukiwa juu, endelea. Ukishuka, zima. Jumapili aliyekuwa Masikio alishika nafasi ya nne, akashuka garini anacheka kama tulivyokuwa watoto. Kwa miaka minne baadaye wateja walidhani nakaa pale kupiga soga. Siri ile hatukumpa mtu.

Kaka hayupo tena duniani. Upande wa pili sasa wanauza vigae. Kuna siku jirani hupigilia msumari ukutani, na mguu wangu hunyanyuka wenyewe kutoka kwenye pedali. Mteja huniuliza, "Fundi, mbona umeacha?" Namwambia angoje kidogo.