Siku Mama Alipomtaja Baba

Kwetu Likoni mke hakumwita mumewe kwa jina. Si kwa woga, wala hakukuwa na aliyemkataza; ilikuwa heshima tu, na mwanamke aliyeipuuza alisengenywa kisimani mpaka ndoo zikajaa. Mama yangu, Mdigo wa watu, alimwita baba "bwana" akiwa mbele yake, "baba wa hawa" akiwa mbali, na akiwa na hasira naye alituambia sisi watoto, "huyo mtu wenu." Mimi na mdogo wangu tulikuwa tukisikia "huyo mtu wenu" tunatafuta mahali pa kuchezea nje.

Baba alikuwa Mngazija, mpishi wa melini, mtu wa maneno mengi na mzaha usiokwisha. Vita vikuu vilipomalizika alikwenda kwao Ngazija, visiwani Komoro, kumzika mamake, akateleza huko akavunjika mguu, na mguu ukaunga vibaya. Akatuma neno kwa baharia mwenzake: siwezi kurudi, nileteeni wanangu na mama yao. Mama alilia, kisha akaanza kufua nguo zetu zote, hata zilizokuwa safi.

Lakini Ngazija ilikuwa chini ya Wafaransa, na sisi tulizaliwa Likoni, chini ya Waingereza. Yule baharia alitueleza kabla hajarudi melini: watoto wa Mngazija wana haki ya kwao baba yao popote walipozaliwa, ila sharti mama aende ofisini, ng'ambo ya kivuko, athibitishe kwamba ni watoto wa Mngazija huyo, wa ndoa. Bila hivyo hatupandi meli.

"Kuthibitisha?" mama akacheka. "Si wayatazame haya masikio!"

Kweli, masikio yetu yalikuwa ya baba matupu, makubwa, yamesimama wima. Mungu anisamehe, niliyachukia miaka mingi.

Tukavuka kwa feri, mama kavaa buibui lake jipya, sisi tumepakwa mafuta ya nazi tunameremeta. Karani alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, shati limepigwa pasi kweli kweli. Mama alimwamkia vizuri, naye akaitikia vizuri.

"Baba ya hawa watoto anaitwa nani?"

"Ni mume wangu."

"Sawa. Jina lake?"

"Ni Mngazija, mpishi. Likoni nzima yamjua."

"Mama, mimi sikai Likoni. Nataka jina."

Mama akainama. Alivuta buibui mpaka usoni, akasema polepole, "Baba wa hawa."

Karani akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, lakini nilimwona alivyokwisha kuamua moyoni: huyu mwanamke hamjui aliyemzalisha. Nikalitamka jina mimi, kwa sauti. Akatikisa kichwa. Mtoto hufundishwa la kusema, alisema. Turudi na mtu mzima anayemjua baba yetu.

Mjomba aliyemwoza mama alikuwa amekwisha kufa, na mabaharia waliomjua baba walikuwa safarini. Basi mtu mzima tuliyemleta alikuwa bibi, mamake mama. Sijui tulikuwa tukifikiri nini. Ikiwa mke hamtaji mume, mama mkwe ndiye kabisa. Bibi hata baba akipita uani alikuwa akijifunika na kuugeukia ukuta. Akasimama mbele ya ile meza na kanga yake kichwani, akamsifu mkwewe kwa adabu, kwa sala na kwa pilau. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza jina. Bibi akamkazia macho kana kwamba ameambiwa avue nguo.

"Mwanangu, kwani wewe hukulelewa?"

Karani akashusha pumzi. Alisema hana la kufanya, na meli inaondoka wiki hiyo hiyo.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilimkasirikia karani, nikamkasirikia bibi, na zaidi ya wote nikamkasirikia mama. Neno moja tu! Nikaangua kilio kwamba namtaka baba yangu, na mdogo wangu akanifuata kwa kilio kikubwa kuliko changu, kama kawaida yake.

Mama akanishika bega. Akafunua uso. Kisha akalitaja.

Hakutaja jina la baba tu. Alitaja la babake na la babu yake, akataja mji aliozaliwa na msikiti ulio karibu na nyumba yao. Alilitamka jina la baba vizuri, herufi kwa herufi. Bibi akaziba masikio. Mimi nilikuwa sijapata kulisikia kutoka kinywani mwa mama, na nilidhani nimelizoea, kumbe lilikuwa zuri. Siliandiki hapa, nililisikia kwake namna ile, na yanitosha.

Karani aliandika yote. Alipomaliza alisimama, akamwambia mama asante. Kwenye feri machozi yalimtoka mama, nami nilimshika mkono mpaka Likoni. Nilimpenda sana siku ile.

Tulipofika Ngazija, baba alikuwa ameketi gatini na fimbo yake. Alitukumbatia, akatuvuta masikio, akacheka na kulia pamoja. Kisha akauliza ilikuwaje tukaruhusiwa, maana alisikia kuna taabu.

"Mama alikutaja jina!" mdogo wangu akaropoka.

Baba akamgeukia mama.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, bwana. Niwie radhi."

Baba alijifunika uso kwa mkono wa kanzu.

"Nami sikuwapo kulisikia," akasema.