Joto la Meza ya Pasi

Katika chumba cha nyuma cha duka la dobi, pale mvuke unapobandua rangi ya ukuta kila mwaka, alifanya kazi mwanamke waliyemwita Bi Mnyoosho. Kazi yake ilikuwa kunyoosha nguo, tabia yake kunyoosha watu. Shuka za nyumba ya wageni alizikunja peke yake, kona kwa kona, na ole wake mfuaji aliyemletea foronya yenye doa. Sikatai kwamba alikuwa na moyo mzuri, ila moyo huo ulikaa mbali sana na ulimi.

Nyumbani alikaa na binti wa marehemu dada yake, msichana wa sekondari. Alimwahidi dada yake, mkono ndani ya mkono, kwamba mtoto hatakosa mama. Na kweli binti hakukosa chakula, wala sare zenye mikunjo inayosimama yenyewe. Tatizo lilikuwa moja. Kila mwezi, akiingia siku zake, alijikunja kitandani uso umempauka, na mama yake mdogo akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Amka utembee! Mimi tangu nivunje ungo sijawahi kulala kwa ajili ya tumbo. Unadeka tu."

"Linauma kweli, mama mdogo."

"Kweli gani hiyo inayokuja siku ya mtihani?"

Binti akaacha kusema. Mwezi uliofuata alijifungia. Uliofuata tena, alimpigia simu bibi yake, akamwambia shule zikifungwa atahamia kwake moja kwa moja, maana huko hakuna wa kumwita mwongo. Bi Mnyoosho aliyasikia hayo akiwa upande wa pili wa pazia. Yalimchoma. Akajikaza, akajiambia mtoto akililia wembe mpe.

Basi ikaja siku pasi kubwa ya dukani ikaungua waya. Fundi akaibeba, na Bi Mnyoosho akahamishiwa kaunta ya mbele, yenye marumaru baridi, akunje nguo zilizokwisha kunyooshwa. Kabla ya muda wa chakula kiuno kilikuwa kinamkatika. Kitu kilimkaza chini ya kitovu, kikaachia, kikakaza tena, mpaka jasho jembamba likamtoka. Alikuwa mwezini, hilo alilijua. Lakini maumivu kama haya hakuyajua, akaketi juu ya furushi la shuka akidhani ameshikwa na ugonjwa wa kufa.

Mama Vifungo, mtu mzima aliyekuwa akishona vifungo pale dukani, alimtazama akacheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Hufi, mwanamke. Umenyang'anywa meza yako tu."

"Meza gani?"

"Ya kupigia pasi! Kila mwezi, siku zako zikifika, unailalia kwa tumbo tangu asubuhi. Blanketi lake lina moto, na wewe umeliganda kama paka wa jikoni. Sisi tulidhani unajua. Mfuko wa uzazi unajikaza ili damu itoke, joto linaulegeza. Wenzio hawana meza."

Neno hilo lilimwingia Bi Mnyoosho. Katika hao wenzie, mmoja alilala chumba cha pili nyumbani kwake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye alikuwa ameubeza mzigo wa mtoto yatima miezi yote hiyo. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani polepole, akishika kuta.

Binti alirudi kutoka shuleni akamkuta amejikunja kwenye kochi.

"Unaumwa, mama mdogo?"

"Tumbo. Niko mwezini."

"Sana?"

"Sana."

Binti hakuuliza zaidi. Hakumkagua uso kuona kama anasema kweli. Alichemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, akayatia kwenye chupa na kuizungushia taulo. Aliijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, ndipo akaiweka taratibu chini ya kitovu cha mama yake mdogo.

"Isikuunguze tu. Kula kidogo, halafu nikupe kidonge cha maumivu."

Akaanza kumsugua kiuno. Hapo huyo mnyoosha watu akalia. Si kwa tumbo. Alikuwa ameaminiwa kwa neno moja, jambo ambalo yeye alimnyima mtoto huyu kila mwezi.

"Nisamehe, mwanangu. La kwako huwa hivi?"

Binti aliendelea kusugua. "Zaidi. Linashuka mpaka mapajani. Mara nyingine natapika chooni shuleni, nanawa uso, narudi darasani."

Bi Mnyoosho alisikiliza mpaka mwisho bila kutia neno, na pale dukani watu wangelipa kiingilio kuliona hilo.

"Hayo si ya kuvumilia. Kesho twende kliniki ukaonane na muuguzi. Nitakungoja nje, ukitaka."

"Tuingie wote."

Chupa ilikuwa imeanza kupoa. Binti akainuka kuongeza maji ya moto, na alipofika mlango wa jikoni akasema bila kugeuka:

"Bibi nimeshamwambia nahamia."

"Najua, nilisikia. Sitakuzuia."

Maji yalimiminika kwenye chupa, kifuniko kikafungwa.

"Nitampigia tena," binti akasema. "Nitamwambia nakuja kusalimia tu."