Kunusa Chupa Iliyofungwa

Juzi niliingia duka la vinywaji Lindi mjini kununua divai tamu kwa misa ya kumwombea marehemu mke wangu. Enzi zake, yeye ndiye aliyeinunulia parokia divai. Nikainua chupa, nikafumba macho, nikanusa.

"Hii ndiyo yenyewe," nikasema.

"Mzee wangu, mbona haijafunguliwa?" akauliza binti muuzaji. "Mama, marehemu mkeo, hakuwa akinusa. Alisoma lebo ya huku nyuma: zabibu, na pombe kali ya zabibu ya kuitia nguvu. Akikuta sukari au rangi, anairudisha, maana divai ya misa ni ya zabibu tupu. Hiyo yako ina sukari."

Nikairudisha, nikapokea aliyonichagulia.

Miaka yote padri alipoisifu divai yetu, mimi ndiye niliyeitikia, "Asante, baba." Kumbe kitu pekee nilichojua kuchagua ni mke.