Bega la Fundi Viatu

Fundi viatu wa Mtaa wa Kongo hukaa juu ya gunia, miguu yake iliyopooza tangu utotoni ameikunja pembeni kama nguo safi. Wanaopanga foleni ya sukari duka la ushirika huacha mawe kushika nafasi zao, naye huyalinda bila kuyachanganya. Kila akikata uzi kwa meno husema, "Alhamdulillahi," kama aliyeshiba pilau. Jana Tatu, amesimama kwa mguu mmoja akingoja kubadhi lake lishonwe, alimwonea huruma. "Pole, kaka. Kuishi bila miguu!" Fundi akacheka mpaka sindano ikamponyoka. "Pole ya nini, dada? Mbona aliyeshikilia bega la mwenzake ni wewe?" Tatu akautazama mkono wake, akazidi kumwegemea. "Basi ahsante, kaka."